Picha ya angani ndani ya AutoCAD: kwa nini bikoni zako zimeangukia mtaa wa pili

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, niko Kigamboni, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Mteja wangu ana kiwanja cha mita 25 kwa 40 kule Kibada. Nilipakua picha ya setilaiti kwa QGIS, ile programu ya ramani, nikaiingiza AutoCAD ninayochorea, nikaikalisha kwa kodineti ya kona moja niliyoisoma kwa GPS ya simu, ili nichore juu yake, na mambo mawili yamenishinda. La kwanza, mtaa unaopita mbele ya kiwanja, unaoelekea kaskazini, niliupima kwa tepu kutoka kona hadi kona nikapata mita 200. Kwenye picha unasoma 202.8. Mtaa wa ubavuni, unaokwenda mashariki, nao ni mita 200 kwa tepu, lakini picha inasema 201.4. La pili, mpimaji amenipa kodineti za bikoni nne, yaani alama za kona za kiwanja, na nikiziweka zinaangukia mtaa mwingine kabisa, kama mita mia tatu upande wa kaskazini. Nani amekosea: mimi, mpimaji, au picha? Na je, naweza kuiweka nyumba kwa kufuata picha hii, nikapeleka halmashauri kuombea kibali?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mpimaji, maana hilo ndilo linaloweza kukugombanisha na mtu bure: hana kosa. Kodineti alizokupa ni sahihi kwa mfumo wake, na picha iko mahali pake kwa mfumo wake. Ila kila kimoja kinahesabu kutoka mwanzo wake, na wewe umevikutanisha bila kuvitambulisha.

Sehemu kubwa ya upimaji wa viwanja hapa kwetu, pamoja na Kenya na Uganda, imejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ambao hesabu zake zinatumia umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. GPS, na kwa hiyo picha zote za mtandaoni, zinatumia WGS 84. Ni maumbo mawili yenye ukubwa tofauti kidogo, na vitovu vyake havikai sehemu moja. Vimepishana kwa mamia ya mita. Mtego uko hapa: mifumo yote miwili huandikwa kwa UTM, utaratibu unaoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita za mashariki na kaskazini, na sisi tuko kanda ya 37 Kusini, kwa hiyo tarakimu zinafanana sura. Kwa Kibada utaona kitu kama 538,000 na 9,239,000 kwa huu na kwa ule. Ukizitazama kwa macho huwezi kujua zimetoka wapi.

Kwa eneo lenu, kodineti za Arc 1960 zikiwekwa kana kwamba ni za WGS 84, kiwanja huruka takriban mita 300 kwenda kaskazini na kidogo chini ya mita 100 kwenda magharibi. Umeniandikia habari ya kaskazini tu. Fungua mchoro upime tena: naamini utakuta zimesogea magharibi vilevile, mita 95 hivi. Ukikuta hivyo, basi ugonjwa umejulikana na huna haja ya kutafuta mwingine.

Najua kishawishi kilichopo, kwa sababu nimekiona kwenye michoro mingi inayoletwa kwangu: mtu anazishika bikoni zote nne, anaandika MOVE, anaziburuta mpaka zikae kwenye kona za uzio unaoonekana kwenye picha. Usifanye hivyo hata siku moja. Ukishafanya, kosa lote la picha linageuka kuwa mpaka wa kiwanja, na uzio uliojengwa na mtu kwa kukisia unageuka kuwa hati. Picha ndiyo inayopaswa kuifuata bikoni. Bikoni haisogei.

Sasa la kufanya. Mpigie mpimaji umuulize swali moja tu: "Kodineti hizi ni za mfumo gani?" Akikujibu Arc 1960, namba yake katika EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo ya kodineti, ni 21037 kwa kanda ya 37 Kusini. Akikujibu WGS 84, ni 32737. Kazi za miaka ya karibuni zinaweza kuwa zimefungwa kwenye mfumo mpya wa taifa, TAREF11, ambao kwa matumizi yako unakaa pamoja na WGS 84 na si pamoja na Arc. Jibu atakalokupa liandike ndani ya mchoro, kwenye kona, kwa maneno: mfumo, kanda, tarehe, na aliyekupa. Mchoro usio na maandishi hayo, akija kuufungua mwenzako baada ya miaka miwili atarudi palepale ulipo leo.

Kuhusu kanda, kama kazi itakupeleka nje ya Dar, angalia tena. Kanda ya 37 inaanza nyuzi 36 mashariki. Arusha na Morogoro zimo. Dodoma mjini haimo, ipo kanda ya 36, lakini ukielekea Kongwa umeshavuka na kuingia ya 37. Mwanza na Mbeya ni 36, Kigoma mjini ni 35. Nimeshapokea mchoro wa Dodoma ambao nusu ya vipimo ilikuwa ya kanda moja na nusu ya nyingine, na ilituchukua siku nzima kugundua.

Ndani ya AutoCAD, andika GEO, chagua kuweka eneo kutoka kwenye ramani (itakutaka uingie kwa akaunti yako ya Autodesk), tafuta Kibada, weka alama, kisha kwenye orodha ya mifumo andika namba ya EPSG aliyokupa mpimaji. Hatua hiyo watu wanaipita kwa kubofya tu wa kwanza kwenye orodha, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukichagua 21037, programu yenyewe inaigeuza picha ya mtandaoni ije kwenye Arc 1960, na bikoni zako zitaangukia Kibada bila wewe kuburuta chochote. Hazitaangukia kwa sentimita, kwa sababu namba zinazotumika kugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine ni za wastani wa eneo kubwa. Tegemea mita chache. Lakini utakuwa umeutoka mtaa wa watu.

Hapo hapo angalia vipimo. Wewe unachora nyumba kwa milimita, mpimaji anafanya kazi kwa mita. Ukiileta 9,239,000 ya mita kwenye mchoro wa milimita inakuwa bilioni tisa na zaidi, na AutoCAD ikiwa mbali hivyo na sifuri huanza kuyumba: hachi (mistari ya kujazia maumbo) zinagoma, mistari inatetemeka ukikaribia, vipande vya duara vinaonekana kama vimevunjika. Mimi natenganisha. Faili moja ni la kiwanja, kwa mita, lenye kodineti halisi, bikoni na picha. Faili jingine ni la nyumba, kwa milimita, karibu na sifuri. Nyumba naileta kwenye kiwanja kwa Xref, yaani faili moja likionekana ndani ya jingine, na kuizungusha kunafanyika mle mle. Ukiizoea njia hii hutarudi nyuma.

Tuje kwenye mita 202.8. Kwanza nikupongeze kwa kupima mitaa miwili. Wengi wanapima mmoja, wanapiga SCALE, wanaridhika, na kosa linabaki limejificha upande wa pili. Vipimo vyako viwili vimeniambia kila kitu hata kabla sijaona faili.

Picha za mtandaoni huhifadhiwa kama vipande vidogo vya pikseli 256 kwa 256, na vipande hivyo vimechorwa kwa projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa) inayoitwa Web Mercator, namba yake EPSG 3857. Ilichaguliwa kwa sababu inafanya dunia nzima iwe mraba mmoja unaogawanyika kirahisi. Kwa kutazama barabara kwenye simu haina tatizo. Kwa kupima, mita yake si mita. Kadiri unavyoondoka ikweta, kila kitu kinavutwa: kitu cha London kinasomeka kirefu kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko kilivyo. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hiyo mvuto ni mdogo, na udogo huo ndio unaotuponza, maana mtu wa London anashtuka papo hapo lakini wa Kigamboni anadhani tepu ililegea.

Kwa latitudo yenu, mashariki-magharibi mvuto ni asilimia 0.7. Mita 200 inakuwa 201.4, kama ulivyosoma. Kaskazini-kusini unaongezeka mwingine, kwa sababu projeksheni hii inaihesabu dunia kama tufe kamili ilhali latitudo zinazoingizwa ni za dunia iliyobonyea kwenye ncha. Karibu na ikweta jambo hilo peke yake linaongeza asilimia 0.67. Hata ungekuwa Nanyuki, pale ikweta inapopita, mita 200 za kaskazini-kusini zingesomeka 201.3. Jumlisha mivuto yote miwili kwa Kibada, unapata asilimia 1.4 hivi, yaani 202.8. Mkono wako ulikuwa sawa na tepu yako ilikuwa sawa.

Kwa kiwanja cha mteja maana yake ni hii: 25 kwa 40, mita za mraba 1,000, kingeonekana kuwa na 1,021. Mita 21 za mraba zisizokuwepo duniani. Hicho ni chumba cha kulala na choo chake.

Na ndiyo maana SCALE haitakuponya. SCALE inapunguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Ukiurekebisha mtaa wa kaskazini, wa mashariki unapungua kupita kiasi. ALIGN kwa nukta mbili nayo ni vivyo hivyo. Dawa ni kuigeuza picha kabla haijaingia AutoCAD. Kwenye QGIS, chini kulia kwenye dirisha kuna kitufe kinachoonyesha namba ya EPSG ya mradi. Nina hakika kwako kimeandikwa 3857, maana ukiongeza picha ya mtandaoni kwenye mradi mtupu ndivyo kinavyojiweka. Kibofye, weka 21037 au 32737 kulingana na jibu la mpimaji, uone picha ikijipanga upya, ndipo uihifadhi kama picha. Njia ya kujua kwa haraka kama faili la zamani limetoka 3857: sogeza kiashiria cha mausi juu ya Kibada usome kodineti. Ukiona kama 4,380,000 na hasi 767,000, ni yenyewe. UTM ya kwetu haina hasi.

QGIS ikihifadhi picha hutoa pia faili dogo la maandishi pembeni yake, lenye mistari sita. Wa kwanza ni upana wa pikseli moja kwa mita, wa nne ni urefu wake ukiwa na hasi, na miwili ya mwisho ni kodineti za katikati ya pikseli ya kona ya juu kushoto. Civil 3D na Map 3D, ndugu zake AutoCAD, wanalisoma wenyewe. AutoCAD ya kawaida halisomi, kwa hiyo fanya hesabu kwa mkono. Tuseme picha ina upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000, na pikseli moja ni mita 0.3. Upana wa picha ni mita 1,200, na kwa kawaida namba hiyo ndiyo unayoiweka kama skeli wakati wa kuiingiza. AutoCAD inaishika picha kwa kona ya chini kushoto, si ya juu. Kwa hiyo kutoka kodineti za faili rudi nusu pikseli kushoto, yaani mita 0.15, na ushuke mita 900 kasoro 0.15. Ukimaliza pima mtaa wako kwa DIST. Utasoma karibu 199.92. Hizo sentimita 8 usizihangaikie: UTM kwa makusudi inapunguza umbali kwa sehemu 4 kati ya 10,000 karibu na mstari wake wa kati, na kwa kanda yetu mstari huo ni nyuzi 39, hapo hapo Dar.

Mpaka hapa tumerekebisha hesabu. Picha yenyewe bado, na swali lako la mwisho, kama unaweza kuiweka nyumba kwa kufuata picha, linajibiwa hapa.

Fanya jaribio moja usiku huu. Fungua Google Earth Pro (ni ya bure tangu mwaka 2015), nenda Kibada, tafuta nyumba moja ya bati yenye kona kali, iliyojengwa miaka mingi. Bonyeza R ili mtazamo uwe wa juu kabisa na kaskazini iwe juu. Weka pini kwenye kona ya paa. Halafu fungua picha za zamani, zile zenye mshale wa miaka, urudi nyuma picha moja moja huku ukiitazama pini. Pini haisogei. Nyumba inasogea. Mwaka huu pini iko kwenye kona, mwaka ule iko uani, mwaka mwingine iko juu ya bati katikati. Wakati mwingine ni mita mbili, wakati mwingine ni zaidi ya tano. Nyumba ni ile ile, msingi ni ule ule. Sasa jiulize ni picha ipi kati ya hizo uliyoipakua wewe, na kwa nini uiamini kuliko nyingine. Wanafunzi wangu nawafanyisha jaribio hili kabla sijasema neno lolote, na hakuna aliyelifanya akaendelea kuchora mpaka wa kiwanja juu ya picha.

Sababu ni za kueleweka. Setilaiti mara nyingi haipigi picha ikiwa juu ya kichwa chako, inainama. Ikiinama nyuzi 20, paa lililo mita 5 juu ya ardhi linasogea karibu mita 1.8 kutoka lilipo, na ghorofa la mita 30 linalala karibu mita 11. Ndiyo maana ukitazama Posta au Kariakoo kwenye picha, maghorofa yameinama yote upande mmoja na unaona ukuta wa ubavuni. Unapochora kona ya "nyumba" ya jirani, unachora kona ya paa, na paa lina upenu. Ukuta uko ndani zaidi kwa sentimita 60 au 90, na usisahau ule mwinamo. Vilevile wanaotayarisha picha huinyoosha kwa kutumia kimo cha ardhi ambacho chenyewe ni cha kukadiria. Kigamboni ni tambarare, mna nafuu. Kwenye miteremko ya Uluguru au milima ya Usambara, kimo kikikosewa mita 10 na setilaiti imeinama nyuzi 20, ardhi yenyewe inahama mita 3.6.

Hili la mteremko nimelilipia. Nilichora uzio na geti la nyumba moja Morogoro, chini ya mlima. Mteja alikuwa ng'ambo, ana haraka, nikaifanya kazi bila kufika. Kwenye picha kulikuwa na kalavati inayoonekana wazi kabisa, kivuli chake mpaka unaweza kukihesabu, nikaelekeza geti pale ili gari livukie hapo. Fundi akachimba mashimo ya nguzo mbili, akaweka nondo, ndipo akanipigia: "Bosi, kalavati iko huku mbele, geti lako linatazama mtaro." Mita 6. Picha ilikuwa safi, ila haikuwa mahali pake. Gharama ya kufukia na kuchimba upya niliitoa mimi, na tangu siku hiyo siweki kitu chochote kinachochimbwa kwa kufuata picha peke yake.

Wala usidanganywe na kukuza. Kipande cha ngazi ya 19 ya kukuza kina pikseli ya karibu sentimita 30 kwenye ikweta, na setilaiti kali za kibiashara kama WorldView-3 zinaona sentimita 31 zikiwa wima. Ukipakua ngazi ya 21 mahali palipopigwa na setilaiti, unachopata ni faili zito mara 16 lenye habari ile ile, imelainishwa tu. Uzio wa tofali wa inchi sita ni upana wa nusu pikseli. Unachokiona kama uzio ni kivuli chake.

Basi picha ina kazi gani? Kubwa mno, na nisingependa uiache. Inakuonyesha mtaa unaingia kutoka wapi, geti la jirani linatazama wapi, mwembe uko upande gani, nyumba za jirani zimejipanga vipi ili upepo wa bahari usizibwe, maji ya mvua yana njia wapi. Mteja asiyejua kusoma ramani ukimwekea nyumba yake juu ya picha ya mtaa wake anaelewa kwa dakika moja jambo ambalo ungemweleza saa nzima. Ila angalia tarehe ya picha na msimu. Pwani kuna mawingu mengi, kwa hiyo picha safi nyingi ni za kiangazi. Bonde ambalo masika hujaa maji, kiangazi linaonekana kama uwanja wa mpira. Mto Msimbazi umewafundisha wengi hilo kwa machozi. Pitia picha za miaka yote uliyonayo, utafute ile iliyopigwa baada ya mvua, uone mchanga ulikosombwa na majani yalikolala.

Kama kiwanja kiko karibu na mto au ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Mita hizo usizipime kwenye picha. Ukingo wa maji kwenye picha ni wa saa ile iliyopigwa, bahari ikiwa imekupwa au imejaa hujui, na picha yenyewe huenda imehama mita 5. Tumia picha kujua kwamba suala lipo, halafu mpeleke mpimaji akauchukue ukingo.

Ukitaka picha ikae vizuri zaidi ya mita chache, ifungie kwenye vipimo. Mwombe mpimaji, siku atakayokwenda kufufua bikoni (kuzitafuta na kuzirudisha mahali pake), akuchukulie kwa RTK, GPS ya kipimaji yenye usahihi wa sentimita, nukta nne au tano za vitu vinavyoonekana kwenye picha na vilivyo chini ardhini: kona ya sakafu ya zege, mfuniko wa chemba, mahali njia mbili za zege zinapokutana. Si paa, si mti. Zitawanye kuzunguka kiwanja, zisikae upande mmoja. Kisha kwenye QGIS tumia Georeferencer uifunge picha kwenye nukta hizo, na nukta moja ibakize pembeni usiitumie, ili mwishoni uitumie kukagua. Ikikubali ndani ya nusu mita, umepata picha nzuri ya kufanyia kazi. Bado si ya mpaka.

Halmashauri wapelekee ramani ya eneo ambayo mpaka wake umetoka kwa mpimaji: bikoni kwa namba zake, urefu wa kila upande kama ulivyo kwenye hati, na umbali wa nyumba kutoka kila mpaka ukiwa umeandikwa kwa tarakimu, umehesabiwa kutoka kwenye mistari hiyo na si kutoka kwenye picha. Picha iweke kwenye karatasi ya kuonyesha mahali kiwanja kilipo, au chini ya mchoro ikiwa imefifishwa. Msingi ukienda kuchorwa ardhini, fundi apime kutoka kwenye bikoni zilizofufuliwa kwa kamba na tepu, wewe ukiwepo.

Kuna suala la ruhusa ambalo vijana wengi hawalijui. Masharti ya Google hayaruhusu kuzifuatilia picha zake kwa mistari ili kujitengenezea ramani au hazina ya data. Kuionyesha picha kama mandhari huku majina ya wenye picha yakibaki pale pale chini ni jambo jingine. Usiyakate majina hayo wakati wa kupunguza picha. Ukihitaji picha unayoweza kuichorea bila wasiwasi, tafuta kwanza OpenAerialMap, hazina ya mtandaoni ya picha za angani zilizo wazi. Kazi ikikupeleka Zanzibar umebahatika: mradi ulioanza mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Benki ya Dunia, ulirusha droni juu ya visiwa ukapata picha za sentimita 7 hivi kwa pikseli, na picha hizo ziliwekwa wazi. Pale unaona hadi tanki la maji juu ya paa. Kwa Kibada, kama mteja ana uwezo na eneo ni kubwa, mwenye droni aliye na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga anaweza kukupa sentimita 3 kwa pikseli, mradi akubali kuweka nukta za RTK ardhini kabla ya kurusha. Asiyeweka nukta hizo anakuuzia picha nzuri yenye ugonjwa ule ule. Kwa kiwanja kimoja cha mita 1,000 za mraba sioni haja. Tepu, mpimaji na nusu siku vinatosha.

Jambo la mwisho ni la kuchapisha, maana najua utakwama hapo. Picha inayotoka moja kwa moja mtandaoni kupitia GEO ni ya kutazama ukiwa umeunganishwa; ili itoke kwenye karatasi andika GEOMAPIMAGE, uchague eneo, nayo itahifadhiwa ndani ya mchoro. Iweke kwenye leya yake peke yake, ipeleke nyuma ya kila kitu, ififishe mpaka mistari ya nyumba isomeke kwenye printa nyeusi na nyeupe ya dukani, si kwenye skrini yako tu. Na chini yake andika tarehe picha ilipopigwa, kama inajulikana, pamoja na sentensi hii: "Picha ni ya kuonyesha mazingira, mipaka inafuata bikoni." Kesho mpigie mpimaji, kisha niandikie alichokujibu.